Mchezaji Aonekane Mzima: Majibu kwa Wapenzi wa Filamu za Muziki za Hollywood

Barua za safari hii karibu zote zinahusu zile filamu za Hollywood za miaka ya 1930 hadi ya 1960 ambazo nyimbo na dansi ndizo zilizokuwa moyo wake. Nimefurahi, kwa kuwa nazipenda sana. Lakini barua nyingi zinazikumbuka kana kwamba ni ndoto zilizojitengeneza zenyewe, na waliozitolea jasho hawatajwi. Nimejibu kwa ufupi palipotosha ufupi.

SWALI: Mbona katika filamu hizi watu wanazungumza vizuri tu, kisha ghafla wanaanza kuimba na muziki unatoka hewani? Mimi naona jambo hilo halina ukweli. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Swali hili hunifikia kila mara, na hunishangaza zaidi linapotoka pwani, ambako vizazi kadhaa vimelia na kucheka na filamu za Kihindi bila kumuuliza mpenzi wa kwenye skrini ameificha wapi orkesta yake. Wimbo ndani ya filamu ni njia ya kusimulia, kama zilivyo mizani na vina ndani ya utenzi, na hakuna msomaji wa utenzi anayedhani kwamba mashujaa walitukanana vitani kwa vina.

Hollywood yenyewe ilianza kwa kulionea haya jambo hilo. Katika *42nd Street* ya mwaka 1933 wahusika ni waigizaji wanaotayarisha onyesho la jukwaani, kwa hiyo wana sababu ya kuimba. Tazama sasa *Top Hat* ya mwaka 1935. Fred Astaire na Ginger Rogers wamekimbilia kibanda cha bendi katika bustani ya London kwa sababu ya mvua. Mwanamke amevaa suruali ya kupandia farasi na hataki kumwona huyu bwana. Bwana anaimba, bibi amempa mgongo. Kisha bibi anainuka, anamfuata bwana nyuma akiiga hatua zake, wanaanza kushindana, na dansi inapokwisha wanaketi na kupeana mikono. Hakuna mazungumzo yoyote katika filamu hiyo yanayoonyesha vizuri zaidi namna chuki ilivyogeuka kuwa mapenzi. Atakayeruka kipande hicho ili "arudi kwenye hadithi" ameiruka hadithi.

SWALI: Ni kweli kwamba katika *Singin' in the Rain* mvua ilikuwa maji yaliyochanganywa na maziwa? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Si kweli, matone yalionekana kwa sababu taa ziliwekwa nyuma yake, na naomba nisiulizwe tena, kwa kuwa jambo la kusimulia kuhusu kipande hicho ni kwamba Gene Kelly alikicheza akiwa na homa ya zaidi ya nyuzi 39.

SWALI: Shikamoo. Nimesoma kwamba Audrey Hepburn hakuimba mwenyewe katika *My Fair Lady*. Nimevunjika moyo. Je, huo si udanganyifu kwa watazamaji? (Binti, Zanzibar)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ulichosoma ni kweli. Hepburn alirekodi nyimbo zake kwa sauti yake mwenyewe, kisha sehemu kubwa ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na sauti ya Marni Nixon. Huyo Nixon ndiye aliyemwimbia Deborah Kerr katika *The King and I* ya mwaka 1956, na Natalie Wood katika *West Side Story* ya mwaka 1961. Filamu tatu, nyota watatu, sauti moja, na jina lake halikuandikwa kwenye skrini.

Kwanza uelewe jinsi kazi ilivyofanyika. Nyimbo zilirekodiwa studio kabla ya kupiga picha. Siku ya kupiga picha rekodi ilichezwa kwa sauti kubwa, na mwigizaji akafuatisha kwa midomo huku akicheza. Hata mwenye sauti yake nzuri, kama Judy Garland, alifanya hivyo hivyo, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuruka juu ya meza na papo hapo kuitoa noti ndefu bila kuhema. Kwa hiyo kuazima sauti, kwa maoni yangu, si kosa. Ni ufundi kama ulivyo ushonaji wa mavazi. Kosa ni kumficha aliyeazimisha. Katika sinema ya India waimbaji wa nyuma ya pazia, kina Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi, walipata umaarufu uliofika hadi kwetu, na hakuna aliyewadharau waigizaji waliofungua vinywa kwa sauti zao. Hollywood iliogopa kwamba nyota atapungua thamani, basi ikaona afadhali mfanyakazi apotee.

Lipo jambo lingine linalonikera zaidi. *Singin' in the Rain* ya mwaka 1952 inasimulia habari hii hii: mwigizaji mwenye sauti mbaya anaazimiwa sauti ya msichana asiyejulikana, na mwishoni pazia linavutwa ili ukweli uonekane. Debbie Reynolds ndiye aliyeigiza msichana huyo mwenye sauti. Lakini katika baadhi ya nyimbo zake tunachosikia ni sauti ya Betty Noyes, ambaye naye hakutajwa. Filamu inayodai haki ya mwimbaji aliyefichwa ilimficha mwimbaji.

Ukitaka kuuona uso wa Nixon, tazama *The Sound of Music* ya mwaka 1965. Ndiye Sista Sophia, mmoja wa watawa.

SWALI: Astaire na Kelly, nani zaidi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Astaire kwa wepesi, Kelly kwa nguvu, na kabla hujaniandikia tena, mtazame Eleanor Powell akicheza bega kwa bega na Astaire katika *Broadway Melody of 1940*, kisha ujiulize kwa nini mabishano haya hufanywa juu ya wanaume wawili peke yao.

SWALI: Filamu za muziki za siku hizi zina rangi na mitambo kuliko zile za zamani, lakini hazinipi furaha ile. Ni uzee wangu, au waigizaji wa leo ni wavivu? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Si uzee, na uvivu usimsingizie mtu. Kilichobadilika ni mahali kamera inaposimama na muda inaokaa hapo. Astaire alishikilia kwamba mchezaji aonyeshwe toka utosini hadi nyayoni, na kwamba picha isikatwe ila pale inapobidi kabisa. Alijua kwamba dansi iko katika uhusiano wa viungo vyote: bega linajibu nini goti linapouliza. Ukimwonyesha mchezaji uso, kisha kiatu, kisha uso tena, kila kimoja kwa sekunde moja, unachoonyesha ni mkasi wa mhariri. Wengi wa wanaotengeneza filamu leo wamezoea mkasi, na mtazamaji hajui kama aliyeko mbele yake anaweza kucheza au hawezi.

Kumwonyesha mtu mzima kuna gharama yake, kwa sababu kosa moja dogo linarudisha kazi mwanzo. Astaire na Rogers, pamoja na Hermes Pan aliyesaidia kutunga dansi zao, walifanya mazoezi kwa wiki nyingi kabla ya kamera kuwashwa. Inasimuliwa kwamba sehemu ya mwisho ya dansi ya kuagana katika *Swing Time* ya mwaka 1936 ilipigwa mara 47 katika siku moja, na miguu ya Rogers ikatoka damu. Mitambo nayo ilikuwapo, ila ilimtumikia mchezaji: mwaka 1951, katika *Royal Wedding*, Astaire alipanda ukutani na kucheza darini kwa sababu chumba chote kilijengwa kizunguke pamoja na kamera iliyofungwa ndani yake. Kilichogeuzwa ni chumba. Mwili haukukatwa.

Najua kuna watakaonitajia Busby Berkeley, aliyeipandisha kamera juu na kuwapanga wasichana wengi kama petali za ua linalofunguka. Namheshimu kwa ubunifu, na mwaka 1933 hakuna aliyemfikia. Lakini baada ya dakika kumi za maua hayo simkumbuki msichana hata mmoja, na hilo kwangu ni hasara.

Kuhusu sababu za enzi ile kwisha, usimtafute mtu mmoja wa kumlaumu. Studio kama MGM, ambako kundi la mtayarishaji Arthur Freed lilitoa filamu nyingi mnazozililia, ziliajiri wanamuziki, washonaji, watunzi na wachezaji kwa mikataba ya miaka, ndiyo maana iliwezekana mwaka 1951 kuimalizia *An American in Paris* kwa dansi ya takriban dakika 17 isiyo na neno. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua dhidi ya studio kubwa, nazo zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema; televisheni ikawabakiza watu nyumbani; mikataba ikapunguzwa. *The Sound of Music* ilipopata faida kubwa, studio ya Fox ilidhani kinachotakiwa ni ukubwa, ikatoa *Doctor Dolittle* mwaka 1967, *Star!* mwaka 1968 na *Hello, Dolly!* mwaka 1969, zote zikala hasara. Mwaka 1970 MGM ilipiga mnada mavazi na vifaa vyake.

SWALI: Naomba kiungo cha kupakua vipande vya nyimbo na dansi tu, bila hadithi, maana hadithi zenyewe ni dhaifu. (Wasomaji watano, kwa maneno yanayokaribiana)

JIBU: Sitatoa. Kwanza filamu hizi zina wenyewe. Pili, mnajinyima. Katika *Meet Me in St. Louis* ya mwaka 1944, Judy Garland anaimba wimbo wa Krismasi ambao leo unachezwa madukani kama salamu ya sikukuu. Ndani ya filamu anamwimbia mdogo wake anayelia, kwa sababu baba ameamua kuihamishia familia New York na hii ndiyo Krismasi yao ya mwisho katika nyumba ile. Mwenye kipande ana wimbo mtamu; mwenye filamu nzima anajua kwamba dada naye anajizuia asilie.

SWALI: Mimi natamani enzi ile irudi. Filamu zilikuwa safi, zilikuwa na kanuni za maadili, familia nzima inatazama bila aibu. Leo ni uchafu mtupu. (Mzee, Kampala)

JIBU: Mzee wangu, kwa heshima zote, hapa sikubaliani nawe, na ningependa unisikilize hadi mwisho. Kanuni hizo za maadili unazozisifu, pamoja na kuzuia lugha chafu, zilikataza pia kuonyesha mapenzi kati ya mtu mweupe na mtu mweusi. MGM ilimpa mkataba mwimbaji mweusi Lena Horne mwaka 1942, akiwa na uso na sauti ambavyo studio yoyote ingevipigania. Kisha ikampa nyimbo za kusimama peke yake, mbali na hadithi, ili majumba ya sinema ya majimbo ya Kusini yaweze kumkata bila filamu kuharibika. Mwaka 1951 studio ilitengeneza *Show Boat*, yenye mhusika mwimbaji wa damu mchanganyiko. Nafasi hiyo alipewa Ava Gardner, mzungu, ambaye nyimbo zake katika filamu aliimbiwa na Annette Warren. Lena Horne alikuwa hai, mzima, na anaimba.

Bill Robinson, bingwa mweusi wa dansi ya viatu vya vyuma, alipocheza kwenye ngazi na mtoto Shirley Temple mwaka 1935, ilibidi awe mtumishi wa nyumba. Ndugu wawili weusi, Fayard na Harold Nicholas, katika *Stormy Weather* ya mwaka 1943, waliruka ngazi moja baada ya nyingine wakipitana juu ya vichwa, kila mmoja akitua kwa miguu iliyonyooshwa hadi sakafuni na kuinuka bila kushika kitu. Mimi sijaona dansi inayoishinda hiyo katika filamu yoyote ya Hollywood. Walikuwa na miaka mingi ya kazi mbele yao, na hakuna studio iliyowapa filamu ya kuongoza. Na *Swing Time* hiyo hiyo niliyoisifu hapo juu ina kipande ambacho Astaire amejipaka uso rangi nyeusi ili kumwiga mtu mweusi.

Sikuombi uache kuzipenda. Mimi sijaacha. Nakuomba usiwaambie wajukuu kwamba zilikuwa safi.

SWALI: Nina watoto wa miaka kumi na kumi na miwili ambao hawajawahi kutazama filamu hizi. Nianze na ipi? (Mama, Arusha)

JIBU: Anza na *Singin' in the Rain*, halafu *Stormy Weather*, ambayo haifiki hata saa moja na nusu. *Swing Time* ifuate, nawe ukae nao, uwaeleze habari ya ile rangi nyeusi kabla kipande hicho hakijafika. *Hello, Dolly!* iache kwa sasa; ina zaidi ya saa mbili, na watalala.