Usiandike zebra kila mahali: navyoweka vivuko vya Dar kwenye ramani

Dada yangu anatumia kiti mwendo. Mwaka juzi tulikuwa tunaenda Magomeni kwa fundi cherehani wake, nikafungua ramani kwenye simu, ikatuonyesha kivuko cha waenda kwa miguu, tukakifuata. Zebra ipo kweli, tena imepakwa vizuri, ila ukingo wa upande wa pili una kimo cha kiganja na hakuna mteremko hata wa kusingizia. Ikabidi nimbebe mgongoni na kijana mmoja wa bodaboda abebe kiti, magari yanapiga honi nyuma yetu. Kilichoniuma ni kwamba kivuko kile nilikiweka mimi mwenyewe kwenye OpenStreetMap, nimekaa nyumbani naangalia picha ya setilaiti, nikaona mistari mieupe nikaandika zebra nikahamia kingine.

Toka siku hiyo nimebadilisha kabisa ninavyofanya, na kwa kuwa kuna vijana wananiuliza sana jinsi ya kuanza, naandika hapa ninayoyajua.

OpenStreetMap kwa wasioijua ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha, ilianzishwa na Steve Coast kule Uingereza mwaka 2004. Dar tuna historia nayo nzuri tu, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wakazunguka kata zinazopata mafuriko wakachora nyumba kwa nyumba, mitaro, njia za uchochoroni. Lengo lao lilikuwa maji. Mtu anayevuka barabara na magongo hakuwa lengo, hiyo ni kazi iliyobaki kwetu.

Sasa ukifika kwenye kivuko anza na rangi. Siyo rangi iliyokuwepo mwaka jana wala ile inayoonekana kwenye picha ya setilaiti, ambayo inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma, rangi ya leo. Hapa kwetu jua na matairi vinakula rangi, af wakija kumwaga lami mpya mistari inafukiwa na inaweza kukaa muda mrefu haijarudishwa. Mi kipimo changu ni dereva: kama anayekuja anaweza kuiona ile mistari akiwa bado mbali, naandika ipo. Kama mpaka niiname ndo naona vipande vipande, naandika haipo na naacha tarehe niliyokagua kwenye check_date, ili atakayekuja ajue habari hii ni ya lini. (Kwenye OpenStreetMap habari za kila kitu zinaandikwa kwa maneno ya Kiingereza namna hii, swali upande mmoja wa alama ya =, jibu upande wa pili.)

Halafu taa. Neno crossing=uncontrolled limewachanganya wengi na mimi nikiwemo, ukilisoma haraka unadhani ni sehemu ambayo watu wanavuka tu kiholela. Siyo hivyo, maana yake ni kivuko kilichochorwa ila hakina taa. Wengine wanaandika crossing=marked kwa kitu hichohicho, kwa hiyo utakuta yote mawili, na tafadhali usianze kufuta ya mwenzako kuweka lako kisa umelizoea, hiyo siyo kazi, ni ugomvi. Mimi siku hizi naongezea crossing:markings=zebra kwa ajili ya mchoro na crossing:signals kwa ajili ya taa, yes au no, kila swali na jibu lake. Taa zikizimika kwa sababu umeme umekatika bado kivuko ni cha taa, na trafiki akisimama pale kuongoza kwa mkono huku taa zinawaka bado ni cha taa. Lakini kama hakuna taa kabisa, ni trafiki tu anakuja asubuhi na jioni, usiandike taa. Dada yangu akipita saa 8 mchana trafiki hayupo.

Kuna jambo la majina pia. Uingereza, ambako zebra iliingia kwenye sheria mwaka 1951, wana vivuko vingine vinaitwa pelican, puffin, toucan, kila kimoja na mfumo wake wa taa na vitufe. Nimewahi kukuta kivuko cha Kinondoni kimeandikwa pelican. Mtu alikopi tu kutoka mfano wa kule. Kwetu andika kilichopo: mistari, taa, kitufe kama kipo, basi.

Sehemu inayowashinda wengi ni Morogoro Road. Toka mwendokasi uanze 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ile barabara imekuwa kama barabara tatu ndani ya moja, magari ya kawaida pembeni huku na huku, mabasi katikati, na vituo viko hukohuko katikati. Mtu anayetoka upande mmoja mpaka mwingine havuki mara moja, anavuka magari, anavuka mabasi, anavuka magari tena, na kila hatua ina hatari yake maana basi la mwendokasi linaweza kutokea upande ambao akili yako haijajiandaa. Ukiweka nukta moja katikati umedanganya. Chora njia ya miguu kutoka ukingo mpaka ukingo, footway=crossing, na kila inapokata mstari wa barabara weka nukta yake ya highway=crossing yenye majibu yake yenyewe, kwa sababu inawezekana upande huu una taa na ule hauna. Ile crossing:island=yes mi naiweka kwenye barabara iliyochorwa kwa mstari mmoja ambayo ina kijukwaa cha kusimama katikati.

Daraja la juu la waenda kwa miguu, kama pale Manzese, siyo kivuko cha barabarani. Chora njia ya miguu, weka bridge=yes na layer=1, na ngazi uziandike ngazi, highway=steps. Ukiweka nukta ya kivuko chini ya daraja, programu ya kuongoza njia inaweza kumpitisha mtu katikati ya magari wakati daraja lipo juu ya kichwa chake. Na kama daraja lina ngazi tupu bila njia ya mteremko, kwa mtu wa kiti mwendo hilo daraja halipo, ndo maana neno steps lina uzito.

Ukingo ndo ninaoukagua kuliko vyote. Kuna kerb=raised ambao umezidi sentimita 3, lowered ambao umeshushwa mpaka kama 3, na flush ambao uko sawa kabisa na lami. Sentimita 3 ni kidogo jamani, nenda na rula siku ya kwanza mpaka jicho lizoee. Kagua pande zote mbili za barabara, siyo upande uliosimama wewe tu.

Zebra iliyochorwa juu ya tuta pana nukta yake inaongezewa traffic_calming=table, hapo magari yanapunguza mwendo na hiyo ni habari njema kwa mzazi anayetafutia mtoto njia ya kwenda shule.

Kwa kuanzia tumia StreetComplete, ni bure kwenye Android, inakuuliza maswali palepale: kivuko ni cha aina gani, kuna sehemu ya kusimama katikati, ukingo ukoje. Simu ikikuonyesha uko mita kadhaa pembeni usiifuate, sogeza nukta kwa kuangalia nguzo au kona ya jengo. Na usikae na simu mkononi pembeni ya lami, wakwapuaji wa pikipiki hawangoji, mi napiga picha mbili haraka halafu naingia ndani ya duka kuandika.

Naenda Jumapili asubuhi magari yakiwa machache. Wiki hii naanzia Mbagala Rangi Tatu saa 12, dada amesema anakuja na yeye, atakuwa anapima ukingo kwa magurudumu na mimi naandika.