Hesabu Ngazi Kabla ya Kutoa Arubuni

Asalaam aleikum wapenzi wangu. Wiki iliyopita msichana mmoja wa Kwahani, hapa hapa Unguja, kaniletea ujumbe. Anaolewa Mfungo Pili, inshallah. Ananiuliza: "Dada, nataka shughuli yangu iwe Mji Mkongwe, juu kabisa, bahari ionekane yote na jua lizame nyuma yangu. Nianzie wapi?" Kaniletea na picha tano za mfano. Nilipoifungua ya tatu nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu lile paa nalijua. Ndipo nilipokalishwa bi harusi mie, 2019.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Basi namjibu hapa, na wengine mnaopanga mnisikilize, maana najua picha ile ile iko kwenye simu zenu nyote.

Mama alitaka shughuli ifanyike nyumbani, Kikwajuni. Lipigwe turubai uwanjani, masufuria yakae nyuma ya nyumba, watu waje kwa miguu. Dada zangu wawili walifanyiwa hivyo. Mjomba alishaahidi turubai na viti. Mie nikakataa. Nilikuwa nimeweka akiba miaka mitatu kutoka mshahara wangu wa ualimu, nikaona pesa ni zangu na siku ni yangu. Hakuna aliyenikatalia. Mama alisema tu, "Haya mwanangu, kama ndivyo roho yako inavyotaka." Laiti ningelijua kuyasikiliza yale maneno vizuri.

Nikaha ilisomwa msikitini baada ya Alasiri, wanaume wakapata halua na kahawa yao, wakamaliza salama. Sina la kueleza huko. Wanawake tulialikana saa 11 jioni kwenye paa la hoteli moja ndani ya Mji Mkongwe. Ni nyumba ya kizamani ya mawe na chokaa, ghorofa nne, ngazi za mbao zimesimama kama za kupandia mnazi. Nilipokwenda kupaangalia mara ya kwanza nilipanda mbio, sikuhisi kitu. Nilikuwa na miaka 27. Nilifika juu, nikaiona bahari, nikatoa arubuni pale pale.

Bibi yangu mzaa mama alikuja kwa boti kutoka Wete siku mbili kabla. Ndiye aliyenisinga. Singo aliitwanga mwenyewe, liwa na mawaridi na karafuu za shambani kwao, na alinisugua kwa mikono ile ile iliyomsinga mama yangu. Mkadi, lile ua la kunukia, alikuja nao kutoka Pemba, umefungwa ndani ya jani la mgomba. Asumini na rehani zikanunuliwa Darajani asubuhi ya siku yenyewe, naye akakaa chini kwenye mkeka akanifungia kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vyake vinajua.

Jioni gari ikawashusha barabarani, kwa kuwa vichochoroni gari haiingii. Bibi akatembea taratibu, kamshika mkono shangazi, mpaka mlangoni. Akaziangalia zile ngazi. Hoteli walikuwa wametuahidi kwamba wazee watasaidiwa. Msaada wenyewe ulikuwa vijana wawili na kiti cha plastiki. Bibi, yumo ndani ya buibui lake, akakitazama kile kiti akasema, "Ahsanteni wanangu, mie hapa pananitosha." Akakaa barazani, nje, kwenye jiwe. Kikuba akampa mtoto akipandishe. Kikuba kikapanda ngazi, Bibi akabaki chini.

Mie sikujua. Mnajua bi harusi anavyokaa: macho chini, mikono juu ya mapaja, hina na piko zionekane, hutazami huku wala huku. Nilisikia vigelegele, nilisikia taarabu, nilihisi harufu ya udi. Nikadhani wote wapo.

Nilikuja kujua kwenye fungate. Mpiga picha alituletea picha zaidi ya 400, nikawa namtafuta Bibi kwenye kila moja. Nikampigia mama. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Bibi yako alikaa barazani. Usimuulize." Nilimuuliza. Akanijibu, "Nilivisikia vigelegele, mjukuu wangu. Vilikuwa vizuri." Mpaka leo nikilikumbuka neno lile roho inaniuma. Zile ngazi nilirudi siku moja nikazihesabu: 67.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na wallahi ndio mkubwa: kabla ya kuangalia ukumbi wowote, mfikirie mzee kuliko wote katika wageni wako, halafu hesabu hatua kutoka mlango wa gari mpaka kiti chake. Hatua na ngazi. Uliza choo kiko wapi. Ukumbi ambao bibi hawezi kuufikia si ukumbi wako, hata bahari iwe imelala miguuni pake.

Mji wetu Mwenyezi Mungu kaujaalia, sikatai. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na watu wanakuja kutoka mbali kuoana hapa. Kwa nini sisi wenyewe tusifurahi ndani yake? Tufurahi. Lakini kila mahali pana tabia yake, na anayepanga lazima aijue.

Lichukulie jua. Kila bi harusi anataka jua linazama nyuma yake. Kwetu linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 hivi, mwaka mzima, na likizama tu Magharibi inaadhiniwa. Mie nilialika watu saa 11. Walipofika, wakapanda, wakatulia, adhana ikatoka misikiti yote kwa pamoja, nusu ya wageni wakateremka kutafuta pa kusalia. Waliorudi ni wachache, nani apande tena zile ngazi? Piga picha zako saa 10 na nusu mpaka saa 12, wewe na mumeo na mpiga picha basi. Wageni waite baada ya Isha. Watakuja wameshasali, wametulia, wana njaa ya biriani.

Na bahari. Siku hizi kuna mtindo wa kwenda kupiga picha kwenye fungu la mchanga la Nakupenda. Pazuri mno, mchanga mweupe katikati ya maji. Rafiki yangu alichagua tarehe 14 ya mwezi wa Rajabu kwa ajili ya mbalamwezi ya shughuli ya usiku, na picha za Nakupenda akaziweka Alasiri ya siku ile ile. Mtoto wa kisiwani, kasahau bamvua! Mwezi ukiwa mpevu, na ukiandama pia, maji yanajaa na kutoka kwa nguvu, zaidi ya mita 3 baina ya kujaa na kukupwa, na hapa kwetu siku za bamvua maji hujaa Alasiri. Walipofika hakuna fungu, kuna maji tu. Nahodha aliambiwa "saa 9 uwe Forodhani" basi, hakuambiwa wanakwenda wapi, alidhani kisiwa cha Changuu. Picha wakapigia ndani ya boti, shela imerowa chumvi. Sasa fanya hivi: ukishapata tarehe, mtafute mvuvi au nahodha, mwambie siku, mahali na saa. Siku za bamvua fungu utalipata asubuhi ya saa 4 au 5. Hilo halihitaji pesa.

Ngome Kongwe wengi mnaniuliza. Kuta zile zimesimama tangu Waomani walipowaondoa Wareno, na usiku taa zikiwashwa pana haiba ambayo ukumbi wa kisasa haupati. Lakini viti vya ule uwanja wa maonyesho ni ngazi za mawe, hazina pa kuegemea. Ukipata ruhusa, kodi viti vya kawaida uvipange chini kwenye nyasi, mstari wa mbele wape wazee. Na usiombe Februari bila ya kuuliza kwanza, mwezi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara.

Jozani kwa kima punju na miti mikubwa, sawa, lakini ni mwendo wa kilomita 35 hivi na mbu wapo. Nenda siku nyingine na nguo nyingine. Juu ya mvua mnajua wenyewe: masika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Disemba, na kusi likishika kuanzia Juni, mapambo ya juu ya paa hayakai. Mahali pa wazi pawe na mahali pa kukimbilia, papo hapo, si ng'ambo ya barabara.

Mwezi uliopita tumemuoza mdogo wangu. Nasema kwa fahari, alhamdulillahi, na fahari hiyo nimeilipia. Safari hii tulianza kwa kumpigia Bibi. Nikamuuliza, "Bibi, unataka tukae wapi?" Akafikiri, akasema, "Popote, mradi nikitaka kwenda chooni nisiwashughulishe watu wawili." Hilo ndilo nililotembea nalo siku tisa. Niliingia kumbi sita. Kila anayenionesha jukwaa na taa, mie naomba nioneshwe choo na njia ya kwenda chooni. Wapo walioniona mtu wa ajabu. Mmoja aliniuliza kama kweli nina pesa.

Tukapata bustani Mbweni, tambarare, imeelekea bahari, miembe mikubwa, na nyuma yake ukumbi wa paa ikinyesha. Kutoka mlango wa gari mpaka kiti cha mbele ni hatua 14, nimezipiga mwenyewe. Picha za kihistoria hazikukosekana. Baada ya nikaha maharusi walikwenda Maruhubi, kwenye magofu ya jumba la Seyyid Barghash lililoungua 1899. Zile nguzo nene zilizobaki, na jua la saa 11 linapita katikati yake, hakuna mpambaji anayeweza kutengeneza kitu kama kile. Dakika 40 zikawatosha. Chini pana mawe na vifusi, basi mdogo wangu alivaa ndara ndani ya shela, viatu vya kisigino akavibeba mpambe. Picha yangu ya 2019 ina mnara wa lile jumba la kale la Beit el Ajaib pembeni. Yake haina, mnara ulishaporomoka Disemba 2020. Nikiziweka pamoja naona hata majumba hayatusubiri, sembuse wazee wetu.

Bibi alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha kuegemea, amevaa kanga za sare kama sisi wote. Mdogo wangu alipoingizwa, Bibi alisimama peke yake, bila ya mkono wa mtu, akapiga kigelegele kirefu mpaka wapiga taarabu wakanyamaza kumpisha. Mie nililia, sijali. Mama alinishika bega. Hatujasema kitu juu ya mambo ya 2019, wala sidhani kama tutasema.

Wadogo zangu, nawaomba. Harusi ya kwetu haikuwa kamwe ya watu wawili na mpiga picha. Nani alikwenda kukuposea? Nani alikaa akachagua mchele na wewe umelala na hina miguuni? Nani atakuja siku ukigombana na mumeo, atake kujua kisa? Hao ndio wenye shughuli. Ukitafuta mahali, watafutie wao, na wewe utapendeza humo humo. Nimeona wasichana wanalipia maua kutoka Nairobi na hawakukodi gari ya kumpokea shangazi yao bandarini. Nimeona wazee wamekaa nyuma karibu na spika kwa sababu viti vya mbele vimewekewa watu wa kazini. Tusifanyiane hivyo. Pesa ni zako, kweli, nami nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa na akiba ya miaka mitatu, na hakuna hata shilingi moja ndani yake iliyonirudishia jioni ile.

Wewe wa Kwahani, lile paa lako la picha ya tatu ni zuri. Nenda kapige picha na mumeo saa 11, mteremke kabla ya adhana. Shughuli itafutie mahali pa chini. Umeniambia bibi yako yuko Chake, Pemba. Hoteli usiwapigie leo. Mpigie yeye, muulize goti lake linaendeleaje, na boti ya siku gani itamfaa.