Kabla hujapiga picha kileleni, hakikisha ndo kilele

Kwa miaka kadhaa mimi nikifika juu ya kilima natafuta bikoni, ile nguzo ya zege ya wapima ramani, naigusa, napiga picha, nashuka zangu. Imeisha hiyo. Siku moja nimekaa na laptopu nimefungua data ya leza (vipimo vya urefu wa ardhi vilivyochukuliwa na ndege kwa mwanga wa leza) ya kilima ambacho nilishakipanda mara tatu, nakuta sehemu ya juu kabisa iko kama mita 90 kutoka kwenye bikoni, ng'ambo ya kibonde kidogo ambacho sikuwahi hata kukivuka, na imeizidi ardhi ya pale kwenye bikoni kwa mita moja na nusu hivi. Mara tatu zote sijafika kileleni! Iliniuma, sio siri.

Bikoni yenyewe haina kosa lakini. Wapimaji wa zamani waliiweka pale ambapo mtu anaziona bikoni za vilima vingine ili apime pembe zake, sio lazima pawe juu kuliko pote. Na ramani ya karatasi, kama kontua zake zimeachana mita 20, nundu mbili zilizo ndani ya kontua zinazolingana zinaonekana sawa tu hata kama moja imeipita nyingine kwa mita kumi na kitu. Alafu kuna zile data za bure za kutoka angani ambazo wengi tunaanza nazo, kama SRTM iliyopimwa kwa rada mwaka 2000, kijisanduku chake kimoja ni kama mita 30 kwa 30, manake kilele chenye ncha kinachanganywa na miteremko yake mwenyewe, kinatoka kimepungua. Kwa kazi hii achana nazo.

Leza ni habari nyingine. Ndege inapita juu inapiga mipigo maelfu kwa maelfu kila sekunde, kifaa kinahesabu muda wa mwanga kwenda na kurudi, na penye miti pigo moja linaweza kurudi vipande vipande, kimoja kimegonga jani, kingine tawi, cha mwisho kikibahatika kimegonga udongo. Hicho cha mwisho ndo unachokitaka. Marekani data hizi zinatolewa bure na USGS, shirika lao la jiolojia, Uingereza na Environment Agency, wakala wao wa mazingira, hadi gridi ya mita 1, na kuna nchi nyingine pia zinatoa, kwa hiyo kabla ya yote angalia kama eneo lako lilishapitiwa na ndege.

Sasa ngoja nikwambie nilivyochemsha, maana utachemsha hapohapo.

Faili huwa za aina mbili, DSM na DTM. DSM ni kila kitu kilichogongwa kwanza, miti, mapaa, hata rundo la mawe lililopangwa na wapandaji. DTM ni ardhi yenyewe baada ya hivyo vyote kuondolewa. Mimi nikadaunlodi DSM bila kujua, nikaiambia QGIS, programu ya ramani, initafutie kijisanduku chenye namba kubwa kuliko zote, nikachukua koodineti, nikatembea saa nzima kwenye miiba, nafika nakuta mti. Mti mmoja mrefu umesimama peke yake, tena kwenye mteremko. Nikakaa chini ya kivuli chake, nikanywa maji, nikajicheka weee.

Basi nikahamia DTM nikajua nimemaliza kazi. Wapi! Ile programu inayosafisha data inafanya kazi kwa kukisia, kitu kikichomoza ghafla inadhani ni mti au nyumba inakifuta, na mwamba uliosimama wima nao si unachomoza ghafla? Nilikuwa na kilima ambacho mwamba wake wa juu, wa mita kama 3, ulinyolewa wote, na DTM ikanipeleka kwenye nundu ya majani pembeni. Hili ndo kosa baya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu ukiwa umekaa kwenye kiti hulioni, ramani inapendeza tu.

Dawa yake ni hii, chukua namba za DSM utoe za DTM. Penye ardhi wazi utapata karibu na sifuri. Ukiona doa la mita 2 au 3 juu ya kilele ambacho picha ya angani inaonyesha ni kipara, shtuka. Hapo fungua nukta zenyewe, faili za LAS au LAZ, ambazo kila nukta ina kodi yake, 2 ni ardhi, 3 hadi 5 mimea, 6 jengo, ila usiziamini kodi, kata kipande chembamba ukitazame kwa ubavu. Mti unaonekana kama wingu lenye matobo, nukta zimetawanyika toka juu hadi chini. Mwamba unaonekana kama ganda, nukta zimejipanga mstari mmoja na ndani tupu. Ukishaona mara mbili tatu hutakosea tena.

Kingine, usitangaze mshindi kwa sentimita. Hata data nzuri penye ardhi wazi inaweza kukosea sentimita 10 au 15, na kwenye majani mazito zaidi ya hapo. Nundu mbili zikipishana chini ya sentimita 30 mi nasema bado sijui. Na kama ziko kwenye vipande viwili vilivyorushiwa ndege miaka tofauti ndo kabisa, vipande hivyo wakati mwingine vinaachana kidogo pale vinapokutana.

Hapo unaenda kwa miguu. Simu itakufikisha kwenye koodineti, lakini ule urefu inaokuonyesha usiuguse, unaweza kukosea mita kadhaa. Mimi nabeba mpira wa maji, ule wa mafundi ujenzi, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 10. Kuna mahali nilikuwa na miamba miwili, wa magharibi na wa mashariki, imeachana mita 8, leza inasema wa magharibi umezidi kwa sentimita 9. Rafiki yangu akashika ncha moja huku mi ncha nyingine, tukagonga gonga mpira mpaka mapovu yote yakatoka (hata ukiruka hatua nyingine yoyote hii usiiruke, povu moja linakudanganya vizuri tu), tukasubiri maji yatulie. Kwake magharibi, kutoka juu ya mwamba kupanda hadi usawa wa maji ni sentimita 41. Kwangu 30. Tukabadilishana ncha tukarudia, ikatoka vilevile. Wa mashariki umezidi kwa 11, na ukiuangalia unaelewa kwa nini, ncha yake nyembamba kama mgongo wa panga, hakuna pigo la leza lililotua pale juu kabisa.

Kama nundu zimeachana mbali kuliko mpira wako na namba zimekaribiana, gusa zote mbili siku hiyohiyo, maana kurudi baadaye kwa ajili ya sentimita 15 inauma sana.