Ng'oa kifaru kwanza, ndipo umimine bahari

Mkuu, simama hapo hapo. Funga hilo kopo la resini, yale majimaji yanayokaza yakawa kama kioo, liweke mbali, halafu soma hii mpaka mwisho kabla hujagusa kitu.

Unajenga mandhari ndogo ya pwani yenye modeli ya kifaru cha vita, na umeuliza mambo manne: mchanga gani utumie, Panzer III, kile kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, ikiwa Afrika Kaskazini iwe na rangi gani, wanajeshi wakae wapi, na bahari unaitengenezaje. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo tu, umesema kifaru umeshakibandika ukingoni, minyororo imeingia kidogo kwenye maji, na kesho unamimina resini ya poliesta, ile ya kutengenezea boti, kwa sababu aliyekuuzia amekuhakikishia kwamba inafaa. Walionitangulia wote wamekujibu habari za rangi. Mimi nilipofika hapo kwenye poliesta moyo ulinilipuka, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Resini ya poliesta iko majimaji kwa kuwa imechanganywa na stireni. Modeli yako nayo ni polistireni, yaani stireni iliyokwisha kuungana ikawa plastiki ngumu. Stireni majimaji ikiigusa polistireni inailainisha na kuiyeyusha. Gundi ya modeli nayo inafanya kazi kwa njia hiyo, inayeyusha kingo mbili za plastiki zishikane, ila gundi unaweka tone kwa ncha ya brashi. Hii unataka kumimina kikombe kizima, na kifaru kimesimama katikati yake kwa saa kadhaa kabla haijakaza.

Lililonikuta ni hili. Nilijenga lori la Chevrolet la LRDG, kile kikosi cha Waingereza cha jangwani alichokianzisha Ralph Bagnold kule Misri mwaka 1940. Kipimo 1/35, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 35 za kweli. Nililipenda lile lori kupita kazi zangu zote. Vyuma vya kukwamulia magurudumu mchangani nilivitoboa tundu moja moja, madumu ya maji niliyafunga kwa kamba za uzi uliopakwa nta, na springi za nyuma zilionekana bapa kwa bapa ukiinama kuchungulia. Nikataka lionekane limetoka jangwani likafika baharini, magurudumu ya mbele yakigusa maji. Kabla sijanunua resini nililibeba lori lenyewe hadi kwa muuzaji, nikamwekea mezani, nikamuuliza: hii ni plastiki, haitaharibika? Akalitazama, akasema resini zote ni moja, tofauti ni bei. Mtu anauza vitu hivyo kila siku! Lebo ya kopo imeandika stireni kwa herufi ndogo nyuma, na yeye hajawahi kuisoma. Angesema "sijui" ningeenda kutafuta jibu mahali pengine. Mpaka leo jambo hilo linaniuma kuliko hata pesa.

Nilipomimina, mwanzo ilipendeza. Maji yalitulia, ukiona kokoto za chini. Kisha kwenye tairi la mbele, pale mpira unapokutana na maji, nikaona mistari ya tairi inafifia. Nikadhani ni mwanga. Nilipoinama karibu, rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, na chini yake plastiki imekuwa laini. Lori likaanza kuinama mbele polepole. Resini haibaki pale ulipoimimina, mkuu, inapanda. Ilipanda kwenye ekseli, ikaingia kwenye springi, zile bapa zikashikana zikawa donge moja. Ukijaribu kulinyanyua, magurudumu yanabaki. Ukiliacha, linazama.

Na hapo chini kulikuwa na jambo lingine ambalo nalo hakuna aliyenieleza. Ardhi yote niliichonga kwa povu gumu, lile la bluu la kuzuia joto. Nalo ni polistireni! Juu yake nilipaka jasi na mchanga, lakini kwenye kona moja palikuwa na ufa wa unene wa unywele. Resini ikaupata. Ikalila povu kwa ndani, ikafanya pango, na bahari yangu ikaanza kushuka kina huku naitazama. Kufika asubuhi lilikuwa shimo gumu linalonuka, na nusu ya lori imo ndani. Kwa hiyo nauliza, na wewe unijibu: chini ya hiyo pwani yako umeweka nini? Kama ni povu, basi poliesta haitaki hata kufunguliwa ndani ya chumba hicho.

Najua kuna atakayekuja kusema tumia epoksi basi, ile resini ya aina nyingine, epoksi haiyeyushi plastiki. Ni kweli haiyeyushi. Lakini epoksi inapokaza inatoa joto, na kadiri unavyomimina nene ndivyo joto linavyozidi. Ukijaza kina chote kwa mara moja inaweza kupata joto la kupinda plastiki nyembamba, na yenyewe ikapasuka au ikageuka njano. Na kupanda inapanda vilevile. Utakuta kila gurudumu limezungukwa na pete inayong'aa, kana kwamba kifaru kimelowa hadi magotini wakati maji ni ya kifundo. Pete hiyo ukiikwangua unaondoka na rangi.

Ndiyo maana nashikilia sheria moja na siiachi kwa mtu yeyote: gari linaingia la mwisho. Ardhi kwanza, bahari ya pili, kila kitu kikauke mpaka kisinuke tena, ndipo gari liwekwe. Usinieleze kwamba litaonekana limepachikwa juu. Linaonekana limepachikwa juu kwa sababu watu hawatayarishi mahali pake. Ardhi ikiwa bado laini, kizungushie kifaru karatasi nyembamba ya plastiki ya kufunikia chakula, kisha kikandamize pale kitakaposimama. Panzer III ilikuwa na uzito wa tani 20 hivi, kwa hiyo mchanga laini lazima uoneshe kwamba umebeba kitu. Kandamiza, kirudishe nyuma kidogo kwa njia iliyotokea, tumia kipande cha mnyororo kilichobaki kuchapa alama nyuma yake, halafu kinyanyue. Sasa una kitanda cha kifaru. Mwisho wa kazi kinarudi humo humo, unapitisha mchanga wa unga kandokando, na hakuna jicho litakaloona kwamba kilikuja baadaye.

Tena hata hakihitaji kuingia majini. Jiulize dereva gani angeingiza kifaru kwenye maji ya chumvi kwa hiari yake. Wanajeshi wa pande zote mbili walioga baharini kwenye vita ile, hilo lina picha nyingi, lakini magari waliyaacha juu, pakavu. Kiweke mita mbili tatu kutoka majini, ambazo kwenye 1/35 ni sentimita 6 hadi 9 tu. Na Mediterania, sehemu kubwa ya pwani ile, maji hayajai na kupwa kwa kiasi kikubwa kama kwenye bahari kubwa. Ukanda wa mchanga uliolowa ni mwembamba. Ukipaka upana wa kiganja utakuwa umejenga bahari nyingine.

Bahari yenyewe basi. Kina kinapakwa, hakimiminwi. Hapa ndipo watu wanapoharibu resini nyingi. Chini ya maji paka rangi ya mchanga karibu na ufuko, ukienda nje iingize kwenye kijani cha bluu, kisha bluu iliyokolea, mipaka yake uifute kabisa. Ukishapata hiyo, milimita chache za resini safi juu yake zinatosha kumdanganya mtu kwamba anaona mita. Kabla ya kumimina, ziba ardhi yote kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, mara mbili, kwa sababu jasi na mchanga vina hewa ndani, na hewa hiyo itapanda kama vipovu na kugandia humo. Kuta za pembeni za kuzuia resini isimwagike zishike kwa silikoni. Tumia epoksi ya uwazi, pima sehemu zake mbili kwa usahihi kama maelezo yanavyosema, maana ukikosea kipimo itabaki inanata daima. Mimina tabaka jembamba, subiri, mimina jingine. Vaa glovu, fungua madirisha. Mawimbi usiyatafute ndani ya resini. Ikishakaza, yachore juu kwa jeli ya akriliki, uyavute kwa brashi ngumu kuelekea ufukweni, na povu la mawimbi liwe nyuzi chache za pamba zilizolowekwa kwenye jeli hiyo hiyo. Kumbuka kipimo: wimbi la sentimita 2 hapo ni sentimita 70 za kweli, na hiyo si pwani tulivu tena.

Kama huamini habari ya poliesta, usiniamini. Chukua kipande cha ile fremu inayoshika vipande vya modeli, kata pia kipande cha povu ulilotumia, vitumbukize kwenye kijikombe cha resini uliyoichanganya, uviache usiku kucha. Kijikombe kitakujibu. Fanya hivyo kwa kila majimaji mapya yatakayokuja mezani kwako, hata mimi nikikwambia ni salama.

Mchanga nitapita haraka. Wa ufukweni usiutumie hivi hivi. Punje ya milimita 1 kwenye 1/35 ni jiwe la sentimita 3.5, kwa hiyo unachoita mchanga hapo ni kokoto. Chekecha kwa kitambaa chembamba, na uoshe chumvi yote kwanza, la sivyo itatoka juu ya gundi kama ukungu mweupe na kula vibati vya shaba. Na pwani ile si ya matuta ya rangi ya chungwa. Sehemu kubwa ni chokaa na changarawe, imepauka, na vichaka vikavu vya hapa na pale.

Jambo moja la historia, kwa sababu umesema unataka kibao kiandikwe "Bandari ya Tobruk, 1941". Panzer haikuwa bandarini Tobruk mwaka huo. Waaustralia waliutwaa mji kutoka kwa Waitaliano Januari 1941, Wajerumani wakauzingira kuanzia Aprili hadi Desemba bila kuingia, na ukaanguka mikononi mwao Juni 1942. Andika Derna au Bardia, miji mingine ya pwani ya Libya, yote Wajerumani waliifikia Aprili 1941. Na kwa mwaka huo usipake njano tupu. Vifaru vya mwanzo vilishuka Tripoli vikiwa na kijivu kizito cha Ulaya, vikapakwa rangi ya mchanga juu yake, na amri ya rangi mpya za jangwani ilitoka Machi 1941. Kwa hiyo kijivu kichungulie kwenye kingo, kwenye vifuniko, na pale buti zinapokanyaga wanapopanda. Hiyo peke yake itakipa kifaru chako umri.

Sasa usiku huu. Hukusema umekibandika kwa gundi gani. Kama ni ile nyeupe ya mbao ya kawaida, isiyo ya kuzuia maji, kuna nafasi nzuri. Dondoshea maji ya uvuguvugu kandokando ya minyororo kwa bomba la sindano, funika kwa kitambaa chenye maji, subiri ilainike iwe nyeupe tena. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya minyororo, ukivuta kwa zamu kushoto na kulia, taratibu. Usikishike kwenye mzinga wala kwenye mabawa ya pembeni, shika mwili kwa chini. Mnyororo ukigoma, acha vipande vyake viwili vitatu mchangani kuliko kuuvuta ukakatika kwenye gurudumu la mbele, kwa sababu vile vya chini havionekani na utavirudishia gundi baadaye. Kikishatoka, piga picha ya ubao ukiwa mtupu uiweke hapa, na useme chini yake kuna povu au mbao.