Shukrani za familia si kipimo

Dada, umeuliza kwa nini uhangaike na takwimu ilhali familia unazozitembelea zenyewe zinasema umezisaidia. Swali hilo nimeishi nalo muda mrefu.

Chukua mradi wa Cambridge-Somerville, jimbo la Massachusetts, Marekani, uliolenga kuwazuia wavulana wasiingie kwenye uhalifu. Kuanzia 1939 wavulana zaidi ya 500 walipangwa wawiliwawili wanaofanana, sarafu ikarushwa: mmoja apate mshauri wa kumtembelea, mwenzake aendelee na maisha yake ya kawaida. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta. Theluthi mbili hivi ya waliohudumiwa walisema mradi uliwafaa. Lakini alipolinganisha rekodi za mahakama, hospitali na vifo, hawakuwazidi wenzao kwa lolote. Kwenye ulevi na kurudia uhalifu hali yao ilikuwa mbaya zaidi! Matokeo yalichapishwa 1978. Bila lile kundi la pili, nani angejua?

Wewe huhitaji sarafu. Anza na daftari la mahudhurio la shule: andika siku alizokosa mtoto muhula mzima kabla hujaanza kwenda kwao, kisha endelea kuandika.

Niliwahi kumfuatilia kijana ambaye mama yake alinikaribisha chai kila Jumatano, akinishukuru sana. Siku mwalimu aliponifungulia daftari, alama za vema za kuhudhuria zilikuwa zimejipanga kwenye safu ya Jumatano tu. Iliniuma. Tangu hapo naanzia kwa mwalimu, ndipo niende nyumbani.

Huyo mtoto unayemfuatilia yuko darasa la ngapi?