Kabla ya kumpa mzee wa ngitili cheti cha fremu

Ukikaa kwenye kamati ya mazingira ya kijiji kwa muda, ipo siku mtu atasema: "Mzee fulani amechoka, tumwandalie kitu." Mzee huyo ndiye amelinda ngitili tangu nusu ya wajumbe hawajaoa. Nimeshiriki kuandaa shughuli ya namna hii kijijini kwetu, Kishapu mkoani Shinyanga, na nimealikwa kwenye za majirani, kwa hiyo haya nayasema kwa kuyaona.

Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo Wasukuma hulifunga mvua zikianza, kisha hulifungua kiangazi ili mifugo ipate cha kula. Shinyanga ilibaki karibu uwanja mtupu baada ya miti kufyekwa, mara kuwafukuza mbung'o, mara kupata mashamba ya pamba. Mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka ya 2000 makadirio yalivuka hekta 300,000. Maofisa walileta miche na semina. Ila mtu wa kuamka usiku kuwaswaga ng'ombe wa shemeji yake watoke ngitilini alikuwa wa hapahapa, na mshahara hakuwa nao.

Huyo shemeji ndiye msikilizaji wenu wa kwanza. Msifanyie shughuli ofisini mbele ya wageni wa wilayani. Ifanyieni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maana walionuniana na mzee miaka yote ni majirani zake. Waacheni waliotozwa faini nao waseme. Kwetu alisimama mfugaji mmoja akakiri kwamba alimchukia mzee kwa sababu ya faini, halafu mwaka wa ukame ng'ombe walewale wakapona kwa nyasi zilezile. Mkutano mzima ulicheka, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote. Hotuba ya mgeni rasmi siikumbuki.

Kuhusu zawadi, muulizeni. Akiona haya, pitieni kwa mkewe au mwanawe mkubwa. Sisi tulikuwa na mawazo ya mbuzi na suti. Yeye alitaka mipaka iandikwe. Alikuwa nayo kichwani: kichuguu hiki, mgunga uliopigwa radi, halafu korongo, lakini korongo la zamani, si hili lililohama baada ya mafuriko. Vijana wakazunguka naye na simu wakichukua alama kila aliposimama, mtendaji akachora ramani na kuiambatanisha na sheria ndogo za kijiji. Kazi hii ifanyike kabla ya sherehe, mzee angali na miguu ya kutembea. Mbuzi tulimpa pia. (Na cheti, ambacho jina lake lilikosewa herufi moja.)

Suala la pesa lisionewe aibu. Mtu wa kujitolea hununua betri za tochi, viatu vya mpira na matairi ya baiskeli kwa fedha yake, na hakuna anayemwandikia risiti. Kijiji kikiwa na mfuko wa faini, mlipieni bima ya afya yeye na kaya yake. Lakini jambo hilo lipite kwenye mkutano mkuu na liingie kwenye muhtasari; mkilimaliza kamati peke yenu, kesho mtaambiwa mmegawana, na mzee ndiye atakayechafuka.

Halafu kukabidhi. Msimbandike cheo cha "mshauri" kama hajakitaka, kwani atagongewa mlango usiku kama zamani. Akabidhi kitabu cha faini hadharani kwa anayempokea, sungusungu wakiwepo. Na wiki hiyohiyo ongezeni watu wa doria, hasa usiku wa kwanza. Wafugaji wetu nawajua: lazima watampima huyo mpya.