Griffey Jr. hakubebwa na jina
Umeuliza kama Ken Griffey Jr., mchezaji wa besiboli wa Marekani, alibebwa na jina la baba yake, Ken Griffey Sr. Hapana, ndugu. Kweli alikulia kwenye besiboli, maana mzee alitwaa ubingwa na Cincinnati Reds 1975 na 1976. Lakini ukirushiwa mpira, unaupiga au unaukosa. Jina halisaidii hapo. Timu ya Seattle Mariners ilimchagua wa kwanza kabisa kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 1987. Mwaka 1990 baba akajiunga naye timuni, na Septemba 14 wakapiga homurani (pigo la kuvusha mpira nje ya uzio) mfululizo, baba kwanza, mwana akafuata. Hilo kwangu ni tamu kuliko takwimu zote! Mwana alistaafu na homurani 630, baba 152. Ubingwa wa World Series (fainali za ligi kuu ya besiboli Marekani) tu ndio mwana hakuupata, na bado inaniuma.